Upande wa Pili wa Ukuta

Sinema ya Sirio imefungwa tangu Machi.
Kwenye kioo cha kibanda wamebandika tangazo,
na bora, upepo wetu wa Trieste usiojua adabu,
umekwisha kubandua pembe moja.
Nerina aliliona juzi alipokwenda kununua mkate,
karatasi ya ruhusa mfukoni.
Akarudi akasema: wametumia gundi ya bei rahisi.
Basi. Hakuongeza neno.

Miaka thelathini na mmoja aliuza tikiti pale.
Watu hudhani muuza tikiti ameona filamu zote.
Hakuona hata moja.
Alizisikia.
Nyuma ya kiti chake, ukuta wa mbao nyembamba,
na nyuma ya ukuta, spika ya kushoto:
bunduki, mvua, busu, treni,
naye huku anahesabu chenji,
lira kwanza, miaka ya mwisho yuro,
akijua kwa mlio wa viatu
nani hatafika saa nne usiku akiwa hai.

Sasa mjukuu wetu Ivo ametuletea diski,
kaiacha mlangoni, kapiga kengele, kakimbia.
Zimo zote zile za zamani.
Nilizima taa. Nilikaanga mbegu za maboga.
Nilivaa hata viatu,
maana sinema haiendwi na ndara.

Ya kwanza alichagua yeye.
Ilikaa Sirio wiki kumi na moja, mwaka aliozaliwa Dario.
Naijua kama mfuko wa aproni yangu, alisema,
na kweli alikuwa akiitangulia:
sasa mlango. Sasa hatua tatu. Sasa kijiko.
Kijiko kikaanguka.
Sasa anacheka, maana mwanamke amerudi.

Mwanamke hakurudi.
Kicheko kilitoka kwa jirani, dirisha la ng'ambo,
na yule bwana alisimama tu juu ya kijiko chake,
kamera ikimwacha polepole
kama mtu anayetoka matangani bila kuaga.

Rudisha nyuma, akasema Nerina.
Nikarudisha.
Tena.
Mara ya tatu nilimtazama yeye, si runinga.
Uso wa mtu aliyepokea barua
iliyolala posta miaka arobaini.

"Nimewaambia watu," akasema.
"Wale wa kwenye foleni, wajane,
wale wenye koti moja majira yote,
wakiinama kwenye tundu la kioo kuniuliza:
inaisha vizuri?
Nikiwaambia, vizuri sana, ingia.
Na walipotoka hawakunigombeza.
Hata mmoja, Livio.
Walipita, wakaniambia usiku mwema."

Juu yetu Bi Kravos alikuwa akiburuta viti,
kama afanyavyo kila usiku tangu tufungiwe.
Mbegu zilikuwa zimepoa.
Sikuwa na la kusema, nikazila.

Wiki hii tumeona sita. Nne hazikuwa alivyozijua.
Jambazi mwenye sauti ya asali ni mfupi, ana upara.
Farasi aliyemlilia alikuwa baiskeli mbovu.
Ile mvua aliyoipenda kuliko zote,
mvua ya dakika nzima kabla ya muziki wa mwisho,
ni makofi. Watu wamesimama ukumbini, wanapiga makofi.

Jana nilipowasha, aliinuka.
Akaenda jikoni, akafunga mlango,
nikasikia kigoda kikivutwa hadi ukutani,
kisha sarafu: zile za kopo la chumvi,
akizipanga kumikumi.
Nikabaki na picha peke yangu,
mzee wa miaka sabini na minane aliyevaa viatu.

Nilitoa ile mpya. Nikaweka ya kijiko.
Ilipokaribia pale
nikafifisha mwanga wa kioo hadi giza tupu,
nikaongeza sauti.
Mlango.
Hatua tatu.
Kijiko.

Jikoni, sekunde moja kabla ya jirani yule,
Nerina akacheka.